Nani Mwenye Timu? Tahakiki ya Umilikaji wa Klabu Ndogo za Kandanda katika Handeni na Korogwe

Utangulizi

Kandanda ni mchezo unaozungumzwa sana katika nchi yetu, lakini mazungumzo yenyewe aghalabu hukomea uwanjani. Mshabiki hodari atakueleza bila kusita ni nani aliyefunga bao la pili na katika dakika ya ngapi. Mwulize timu ile imeandikishwa kwa jina la nani, kiwanja kile ni mali ya nani, na fedha zilizopatikana mlangoni zimeandikwa katika daftari gani, naye atakuambia kuwa hayo ni mambo ya viongozi. Makala haya yanakusudia kuyachunguza hayo yanayoitwa mambo ya viongozi, na hasa kwa klabu ndogo za wilaya, ambazo habari zake hazifiki magazetini.

Jambo hili ni la utamaduni wala si la biashara peke yake. Mwezi Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipolihutubia Bunge kama Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Baadaye Baraza la Michezo la Taifa likaundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Tangu mwanzo, basi, michezo ilihesabiwa pamoja na ngoma, lugha na desturi, yaani mambo ambayo watu huyafanya kwa pamoja na kwayo hujitambua. Ikiwa klabu ya mpira ni mali ya utamaduni, hatuna budi kuihakiki kama tunavyoihakiki ngoma au riwaya: imetokana na nini, inasema nini juu ya watu wake, na je, itadumu?

Tumechagua Handeni na Korogwe, wilaya mbili jirani za Mkoa wa Tanga, kwa sababu historia yao inaonyesha wazi namna mbalimbali ambazo timu imepata kumilikiwa. Hoja yetu ni hii: uhai wa klabu ndogo hautegemei sana ukubwa wa mfuko wa anayeilisha, bali unategemea mahali alipo mwenye kuamua. Klabu hudumu pale ambapo wanaoamua juu ya maisha yake ndio haohao watakaopungukiwa ikifa.

Mkonge, reli na timu za mashamba

Korogwe ni mji wa reli. Njia ya gari la moshi ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, na kando ya reli hiyo yakaenea mashamba ya mkonge: Magunga, Ngombezi, Hale, Mazinde na mengineyo. Mashamba yalileta manamba kutoka kila pembe ya nchi na hata nje yake. Watu waliozaliwa mbalimbali, wenye lugha na miiko tofauti, walikutanishwa katika kambi moja, wakaamka kwa kengele moja na kukata mkonge kwa hesabu moja. Shamba kubwa lilikuwa na korona yake, duka lake, zahanati yake, na aghalabu kiwanja chake cha mpira.

Yafaa tukumbuke maana ya kiwanja kile. Katika kambi ya manamba, ambako mtu alijulikana kwa namba kabla ya kujulikana kwa jina, mpira ulikuwa mahali pamojawapo pa kurudishiwa jina. Mkataji aliyekuwa si kitu mbele ya msimamizi aliweza kuwa mashuhuri siku ya Jumapili. Hata hivyo mpira wenyewe, jezi, na lori la kuwabeba wachezaji kwenda shamba la pili, vyote vilikuwa mali ya shamba. Timu iliishi kwa ridhaa ya meneja.

Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge ilitaifishwa, na meneja akawa mtumishi wa umma. Haya yalikuwa mabadiliko makubwa katika uchumi wa taifa. Lakini kwa timu ya kambini, mwenye uamuzi alibaki ofisini. Kisha mkonge wenyewe ukaanguka. Kamba za nailoni na nyuzi nyingine za viwandani zilishusha bei yake duniani, na uzalishaji wa nchi, uliozidi tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960, ulikuwa umeshuka hadi kiasi cha tani 20,000 kufikia mwisho wa karne. Mashamba yakabinafsishwa katika miaka ya 1990. Shamba lililoshindwa kulipa mishahara lisingeweza kununua mipira. Mtu asiseme kwamba timu hizo zilikufa kwa kukosa wachezaji au mashabiki, maana vijana walikuwapo na watazamaji walikuwapo. Kilichokosekana ni mamlaka ya kuiendeleza timu baada ya mwenye nayo kuondoka.

Jambo hili halikuupata mpira tu. Wapenzi wa muziki wa dansi wanaujua msemo wa kuuliza nani mwenye vyombo. Chama cha wafanyakazi cha NUTA kilipoanzisha bendi yake mwaka 1964, wanamuziki wakawa waajiriwa na magitaa yakawa mali ya chama. Jina la bendi likawa likibadilika kila chama kilipobadilika, kutoka NUTA hadi JUWATA, na kutoka JUWATA hadi OTTU. Mwanamuziki asiye na gitaa lake ni mwimbaji wa mwenye gitaa. Hali kadhalika timu isiyo na kiwanja wala daftari ni timu ya mwenye kiwanja na daftari.

Mgambo: fahari ya Handeni na somo lake

Wilaya ya Handeni, nchi ya Wazigua, ya mahindi, machungwa na mifugo, haikuwahi kuwa na viwanda vikubwa vya kulea timu. Hata hivyo, kutoka Kabuku, katika wilaya hiyo, ilitokea timu iliyocheza Ligi Kuu ya nchi: Mgambo Shooting, timu ya kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa. Ilipanda kwa msimu wa 2012/13, na katika msimu wa 2013/14 ilizifunga Simba na Yanga zote mbili katika uwanja wa Mkwakwani, Tanga. Wahenga walinena: likilia la mgambo, lina jambo. Hapo kale baragumu la mgambo liliwaita watu kusikia habari nzito, na kwa misimu minne jina la Mgambo liliwaita watu kuikumbuka Handeni.

Mwishoni mwa msimu wa 2015/16 ulitokea msiba usio wa kawaida: timu zote tatu zilizoshuka daraja zilikuwa za Mkoa wa Tanga, yaani Mgambo Shooting, African Sports na Coastal Union. Mkoa uliokuwa na timu tatu ukabaki bila hata moja. Mhakiki anapata hapa kipimo cha nadra, maana timu tatu zimeanguka siku zilezile, nazo ni za umilikaji wa namna mbili. Coastal Union, iliyoasisiwa mwaka 1948 na kutwaa ubingwa wa nchi mwaka 1988, ni klabu ya wanachama. African Sports vilevile. Mgambo ni ya jeshi. Coastal Union ilirejea Ligi Kuu mwaka 2018, na katika msimu wa 2023/24 ikamaliza katika nafasi ya nne na kupata tiketi ya mashindano ya Afrika. Mgambo haikurudi. Lakini na tuwe waadilifu: African Sports, iliyo ya wanachama, nayo haikurudi. Kwa hiyo mfano huu hauthibitishi kwamba uanachama peke yake ni dawa. Unachoonyesha ni kwamba uanachama huacha watu wa kuanza upya. Kama wataanza au hawataanza, hilo ni suala jingine.

Wala hatusemi haya ili kulilaumu jeshi. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963 kwa kazi ya malezi ya vijana, ulinzi na uzalishaji. Kandanda ni tawi tu la kazi hiyo. Nidhamu, chakula na usafiri ambavyo kikosi huwapa wachezaji wake ni vitu ambavyo klabu nyingi za uraiani huvitamani. Tatizo liko kwetu sisi raia. Handeni iliipenda Mgambo kama mtu apendavyo mtoto wa jirani: ikamshangilia, wala isiwe na neno katika malezi yake. Mechi za nyumbani zilichezwa Tanga mjini, mbali na Kabuku, kwa kuwa wilaya haikuwa na kiwanja cha hadhi ya ligi. Hivyo mkulima wa Mkata au Sindeni aliyetaka kuiona timu ya kwao alisafiri, au aliisikiliza redioni. Timu ilibeba jina la kwao, lakini fedha za mlangoni, biashara ya mama lishe na vijana wa kuokota mipira vilibaki mji mwingine.

Maneno na maana zake

Uhakiki mzuri haupuuzi lugha. Tunapozungumzia fedha za klabu tuna maneno manne ambayo watu huyachanganya ovyo: mfadhili, mdhamini, mwekezaji na mwanachama. Kila moja lina mkataba wake ndani yake.

Mfadhili ametokana na fadhila. Anatoa kwa wema, na mtu hadai hesabu kwa mtenda wema. Lakini vilevile hawezi kumdai aendelee. Mfanyabiashara wa Korogwe mjini akinunua jezi, akalipa basi na kuwapa vijana posho, timu huitwa kwa jina lake vinywani mwa watu hata kama cheti kinasema vingine. Akichukizwa, akihama, au akishindwa uchaguzi aliokuwa akiuwania, timu hulala. Mdhamini ameweka dhamana: anatoa fedha naye apate kutangazwa, kwa muda ulioandikwa, muda ukiisha, naye huisha. Mwekezaji ameweka akitarajia kuvuna, na ni haki yake. Lakini ligi ya wilaya haina mavuno ya fedha, kwa hiyo mwekezaji wa huko aidha ni mfadhili aliyebadili jina, au anatafuta kitu kingine kisichokuwa mpira. Mwanachama ni mwana wa chama: ana ada ya kulipa na kura ya kupiga. Kati ya hao wanne, yeye peke yake ndiye asiyeweza kuondoka na timu.

Kuondoka na timu si mzaha. Mwaka 2024 Ihefu, klabu iliyotokea Mbarali katika Mkoa wa Mbeya na kupanda hadi Ligi Kuu, ilihamishiwa Singida na kuitwa Singida Black Stars; na Singida Fountain Gate nayo ikaelekea Manyara. Wenye kuhamisha walifuata taratibu za mpira. Lakini watu wa Mbarali, walioishangilia klabu ile tangu ikiwa changa, walibaki na nini? Huko Uingereza, klabu ya Wimbledon iliporuhusiwa mwaka 2002 kuhamia mji wa Milton Keynes, mashabiki walikataa kuifuata. Mwaka uleule waliunda klabu yao, AFC Wimbledon, wakaanza katika ligi ya chini, na kufikia 2011 walikuwa wamepanda hadi madaraja ya kulipwa. Ujerumani iliweka kanuni mwaka 1998 kwamba kura nyingi katika klabu zibaki kwa wanachama. Kwetu, katika mageuzi ya Simba yaliyoanza mwaka 2017, ilikubaliwa wanachama wabaki na asilimia 51 na mwekezaji Mohammed Dewji achukue asilimia 49 kwa ahadi ya shilingi bilioni 20. Hesabu hiyo yaweza kuifaa klabu yenye mamilioni ya wapenzi. Klabu ya Manundu au ya Chanika haina cha kuuza kwa bei hiyo. Ina watu wake tu, na ikiwauza hao itabaki jina.

Udhaifu wa klabu za wanachama

Tungekosea kama tungewasifu wanachama bila kuwapima. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Klabu nyingi zinazojiita za wanachama hazina wanachama bali zina wapiga kelele. Ada hailipwi hadi uchaguzi ukaribie, na hapo mgombea huwalipia wengine ili wampigie kura. Taarifa ya fedha husomwa haraka huku watu wakisubiri chai. Mwenye kuuliza stakabadhi huitwa msaliti au mamluki wa timu pinzani. Baadhi ya migogoro mikubwa ya kandanda nchini mwetu imetokana na klabu za wanachama, na Tukuyu Stars, bingwa wa Bara wa mwaka 1986, ni ushahidi kwamba ubingwa mmoja haujengi nyumba.

Wengine hupendekeza halmashauri za wilaya zichukue timu, na mfano wa Mbeya City, iliyomaliza ya tatu katika Ligi Kuu msimu wa 2013/14, huvutia. Faida yake ni kwamba fedha za halmashauri hukaguliwa na madiwani huchaguliwa. Hasara yake ni kwamba timu hushindana na zahanati na madawati katika bajeti moja, na katika Handeni yenye miaka ya ukame mshindi wa shindano hilo anafaa kuwa zahanati. Halmashauri itafaa zaidi kama itatoa ardhi ya kiwanja kuliko kama itatoa mishahara ya wachezaji.

Mizani ya fedha

Na tuziangalie hesabu, kwa kuwa hoja isiyo na hesabu ni hotuba. Mwezi Mei 2021 shirikisho la kandanda lilitia saini mkataba wa miaka kumi wa matangazo ya televisheni ya Ligi Kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Fedha hizo ziko kileleni. Klabu ya ligi ya wilaya au ya mkoa hulipa ada ya ushiriki, waamuzi, usafiri, chakula, dawa na mipira kwa mfuko wake.

Chukua klabu yenye wanachama 300, kila mmoja akilipa shilingi 1,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 3,600,000. Kiasi hicho hakitaipeleka klabu Ligi Kuu, lakini kinaweza kununua mipira, kulipa nauli za mechi za jirani na kuwasajili vijana, wala hakuna mtu mmoja anayeweza kukiondoa chote kwa siku moja. Kwa mkulima wa Handeni ada ya kila mwezi ni mzigo. Akitozwa mara moja baada ya mavuno, ataweza. Kinyume chake mwenye kibanda katika stendi ya Korogwe huweza kutoa kidogokidogo kila juma. Katiba ya klabu iandikwe kwa kalenda ya watu wake.

Kuna na mali nyingine ambayo klabu ndogo huitupa bila kujua. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya bei yake hugawanywa kwa klabu zote alizosajiliwa tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Kila mwaka kati ya 12 na 15 una robo moja ya asilimia moja ya bei yote, na kila mwaka tangu 16 una nusu ya asilimia. Kijana aliyesajiliwa Korogwe akiwa na miaka 13 na 14, akauzwa ughaibuni kwa shilingi bilioni moja, angeiletea klabu yake shilingi milioni 5, zaidi ya ada ya mwaka mzima ya wanachama wale 300. Lakini ni lazima usajili uwe umeandikwa na kutambuliwa na chama cha mpira. Klabu isiyo na kumbukumbu itamwona kijana wake katika televisheni na kubaki na fahari tu.

La mwisho ni kiwanja. Viwanja vingi vya mikoa, Mkwakwani kikiwa kimojawapo, ni mali ya Chama Cha Mapinduzi tangu zama za chama kimoja, na vingine vilijengwa kwa michango na nguvu za wananchi. Hili si jambo la kugombana nalo hapa, ila ni la kujifunza kwalo: anayechangia ujenzi na asiulize hati itaandikwa jina la nani, amejenga kwa ajili ya mwingine. Klabu ikipewa au ikijenga kiwanja, na hati isomeke kwa jina la wadhamini waliochaguliwa na wanachama.

Hitimisho

Tumeona meneja wa shamba akiondoka na timu ya kambi ikafa. Tumeona kikosi kikishuka daraja na wilaya ikashindwa kuinua mkono kwa kuwa haikuwa na mkono. Tumeona klabu ikihama mkoa kwa uamuzi wa wachache. Wenye timu walikuwa mbalimbali, yaani mlowezi, shirika la umma, jeshi na tajiri, lakini kasoro ni moja: uamuzi ulikaa kwa mtu ambaye asingelala na majonzi timu ikifa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na klabu inayotegemea cha mfadhili hufa ghafla.

Walimu na wanafunzi wana nafasi ya pekee katika jambo hili, maana klabu ndogo nyingi za wilaya hizi huchota vijana wao shuleni, na mara nyingi katibu wa klabu ni mwalimu. Timu ya shule yenyewe yaweza kuwa darasa la kwanza la umilikaji: daftari la majina na tarehe za kuzaliwa, daftari la mapato na matumizi linalosomwa mbele ya wote, na mkutano ambamo mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuuliza mipira mitatu iliyonunuliwa muhula uliopita iko wapi, na akajibiwa kwa heshima. Kijana aliyezoea kuuliza hivyo shuleni hataona haya kumwuliza mwenyekiti wa klabu atakapokuwa mtu mzima wa Handeni au wa Korogwe. Klabu itakayokuwa na watu mia mbili wa namna hiyo yaweza kushuka daraja, hata kukosa jezi mpya msimu mzima, lakini itakuwa na watu wa kuirudisha uwanjani.